Hesabu Inatolewa kwa Nani? Athene ya Kale na Kamati Zetu za Miradi

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa kamati za sharika



Nimepewa saa moja nizungumze juu ya utunzaji wa fedha za miradi. Wengi wenu mlitegemea nije na vitabu vya stakabadhi na ile jedwali ya mapato na matumizi. Vipo, na mchana mtaviona. Lakini asubuhi hii naomba niwapeleke mbali kidogo, Ugiriki, katika mji wa Athene, miaka mia sita hadi mia tatu hivi kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Sababu yangu ni neno moja ninalolisikia kila ninapozunguka sharikani, kwamba mambo ya risiti, ukaguzi na kusomewa hesabu ni "mambo ya wafadhili", yaani masharti yaliyoingia pamoja na fedha za nje, na fedha hizo zikiisha tutapumzika nayo. Nataka tuone jinsi mambo hayo yalivyojengwa na wakulima wadogo na mafundi, mahali ambapo hapakuwa na mfadhili hata mmoja wa kuyadai. Na nataka tuone pia mahali ambapo watu hao hao, hodari wa hesabu, walikataa kuitoa. Hapo ndipo panapotugusa zaidi.

Tuanze na nchi yenyewe. Ugiriki ni nchi ya milima na visiwa. Bonde moja linatengwa na jingine kwa mlima, na kisiwa kwa bahari. Tangu karne ya 8 K.K. kila bonde likaanza kuwa na mji wake unaojitawala, wenye sheria zake, askari wake na hekalu lake. Mji wa namna hiyo waliuita polis. Wataalamu wamehesabu zaidi ya 1,000 kutoka Bahari Nyeusi hadi pwani ya Hispania, na mingi ilikuwa midogo, wananchi wake wakilingana na waumini wa usharika mmoja mkubwa wa kwetu. Athene ilikuwa jitu kati yao. Eneo lake lote, liitwalo Attika, lilikuwa kilomita za mraba 2,500 hivi, yaani mara moja na nusu ya kisiwa cha Unguja.

Wafalme walikuwa wametoweka karibu kote, na nafasi yao ilikuwa imeshikwa na koo zenye mashamba makubwa. Mkulima mmoja mshairi, Hesiod, aliyeishi karibu na mwaka 700 K.K., analalamika kwamba wakubwa walioamua kesi yake na ndugu yake juu ya urithi ni walaji wa zawadi. Tunajua maana yake. Wakati huo huo Wagiriki walikuwa wamejifunza herufi kutoka kwa Wafoinike, na baadaye wakaanza kuchonga sheria juu ya mawe ili mkubwa asibadilishe kanuni usiku. Mojawapo ya sheria za zamani kabisa tulizo nazo ilichongwa katika mji mdogo wa Dreros, kisiwani Krete, karibu na mwaka 650 K.K. Inasema kwamba mtu akishashika cheo kikuu cha mji, asikishike tena mpaka miaka kumi ipite. Haisemi lolote juu ya wezi wa mbuzi wala mipaka ya mashamba. Inamhusu kiongozi asiyetaka kutoka. Ndugu zangu, hilo tatizo ni la zamani.

Athene ya mwanzo wa karne ya 6 K.K. ilikuwa mji wa madeni. Mkulima mdogo alikopa kwa mwenye shamba kubwa, na dhamana aliyoweka ilikuwa mwili wake mwenyewe. Akishindwa kulipa, anauzwa, hata nje ya nchi. Mwaka 594 K.K., walipokaribia kuuana, pande zote mbili zilikubali kumpa mamlaka mtu mmoja, Solon, awapatanishe. Solon alifuta madeni hayo, akang'oa mawe yaliyosimikwa mashambani kuwa alama ya mzigo ule, akapiga marufuku kukopa kwa dhamana ya mwili wa mtu. Katika mashairi yake anasema aliwarudisha nyumbani watu waliouzwa mbali, baadhi yao wakiwa wamekwisha kusahau lugha ya kwao. Maskini walitaka agawe na ardhi, hakugawa. Matajiri walitaka asiguse kitu, aligusa. Akawaudhi wote, kisha akasafiri akakaa nje miaka kumi.

Ninyi mnaosimamia SACCOS za sharika mtaelewa kwa nini nimeanza na deni kabla ya uchaguzi. Mtu aliyewekwa rehani hawezi kusimama mkutanoni akamhoji aliyemkopesha. Solon aliongeza pia kwamba mwananchi yeyote, hata asiye ndugu wa aliyeonewa, anaweza kumshtaki mwonevu. Jirani akapewa haki ya kusema.

Baadaye ilikuja miaka ya utawala wa mabavu wa Peisistratos na wanawe, hadi mwaka 510 K.K. Hiyo naipita. Mwaka 508 K.K. akaja Kleisthenes, ambaye naye alikuwa mtu wa ukoo mkubwa. Mwanahistoria Herodotus anaeleza bila kuficha kwamba aliwavuta watu wa kawaida upande wake kwa sababu alikuwa anashindwa katika ugomvi na mkubwa mwenzake. Basi demokrasia haikuzaliwa kwa usafi wa moyo. Hilo lisitukwaze. Hata sharikani yako mema mengi yaliyoanza kwa ugomvi wa wazee wawili.

Kazi kubwa ya Kleisthenes ilikuwa kupanga upya orodha. Alichukua mitaa na vijiji vya Attika, 139 kwa jumla, kila kimoja na daftari lake la wananchi. Kisha akaviunganisha katika makabila mapya kumi, na kila kabila likapewa fungu la pwani, fungu la bara na fungu la mjini. Mvuvi, mchunga mbuzi na fundi viatu wakajikuta kabila moja, wakipigana safu moja vitani na kuketi benchi moja barazani, ingawa koo zao ni mbalimbali. Mtu akaanza kutambulika kwa jina la mtaa wake. Nimewahi kuona kamati ya ujenzi ambayo mwenyekiti, mtunza hazina na fundi mkuu walikuwa mtu, shemeji yake na mtoto wa mjomba wake. Sitaji usharika. Pengine hakuna aliyeiba hata misumari. Lakini katika kikao kama hicho, nani atauliza bei ya saruji?

Kutoka katika makabila hayo kumi likaundwa Baraza la watu 500, hamsini kwa kila kabila, kila mtaa ukitoa wajumbe kwa kadiri ya wingi wa watu wake. Waliingia kwa kura, wakakaa mwaka mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuketi humo zaidi ya mara mbili maishani. Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Neno kura tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni ile kura ya kumtafuta mtu bila kumpendelea, kama iliyomwangukia Mathiya katika Matendo ya Mitume sura ya 1. Leo tukisema kupiga kura tunamaanisha kumchagua tunayemtaka. Waathene walitenga mambo hayo mawili. Majemadari waliwachagua kwa kunyoosha mikono, maana vita inataka ujuzi, kama nasi tusivyompata fundi bomba kwa bahati. Lakini kazi nyingi za kawaida za usimamizi walizigawa kwa kura, kwa kuwa waliona uchaguzi humpa nafasi yule yule anayejulikana, mwenye sauti na mwenye mali.

Naomba watunza hazina wasikilize hili. Kila siku mjumbe mmoja wa Baraza alipata kwa kura uenyekiti wa siku hiyo. Yeye ndiye aliyeshika mhuri wa mji, na funguo za mahekalu ambamo fedha na nyaraka zilihifadhiwa. Alizishika usiku mmoja na mchana mmoja, asiongezewe hata saa, na hakuweza kuzishika tena maisha yake yote. Ninyi wenye vikundi vya VICOBA mnalo sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Njia ni nyingine, fikra ni ile ile, kwamba mtu mwema hulindwa kwa kutoachwa peke yake na ufunguo.

Juu ya Baraza kulikuwa na mkutano wa wananchi wote, uliokutana kilimani panapoitwa Pnyx. Katika karne ya 4 K.K. ulikutana mara 40 kwa mwaka, na baadhi ya maamuzi yalihitaji watu wasiopungua 6,000. Na kulikuwa na posho. Naona mnacheka! Ilianza mahakamani, karibu na miaka ya 450 K.K., kwa shauri la Perikles. Mwamuzi alilipwa oboli mbili kwa siku, baadaye tatu. Ili tujue uzito wake, mwishoni mwa karne hiyo fundi alilipwa drakma moja kwa siku, ambayo ni oboli sita. Basi posho ile ilikuwa chini ya ujira wa siku, ikitosha tu mtu maskini asilale njaa kwa sababu ya kuutumikia mji. Haikuwa sababu ya kuitisha kikao. Hapo sisemi zaidi.

Sasa nifike penye kiini cha hotuba yangu. Tukisikia demokrasia tunafikiri juu ya siku ya uchaguzi. Waathene walitumia nguvu nyingi zaidi kwa siku mbili nyingine, siku mtu anapoingia kazini na siku anapotoka.

Kabla ya kuingia, hata aliyepatikana kwa kura alihojiwa hadharani. Wale viongozi tisa wakuu wa mwaka waliulizwa baba yako ni nani, mama yako ni nani, mnatoka mtaa gani, makaburi ya wazee wenu yako wapi, je, unawatendea vema wazazi wako, je, unalipa kodi, je, ulikwenda vitani ulipoitwa. Kisha mkutano ukaulizwa kama yuko anayetaka kumshtaki mtu huyu. Hawakumwuliza shahada yake. Walitaka kujua jinsi anavyoishi na watu wake.

Alipomaliza mwaka wake, alipaswa kupeleka hesabu kwa wakaguzi kumi waliopatikana kwa kura, nao wakaifikisha mbele ya mahakama ya waamuzi 501. Baada ya hapo, kwa siku tatu, wakaguzi wengine waliketi sokoni, saa za soko, karibu na sanamu ya shujaa wa kila kabila. Yeyote mwenye lalamiko juu ya kiongozi yule, hata jambo lisilohusu fedha, aliliandika kwenye kibao kilichopakwa rangi nyeupe: jina langu, jina lake, kosa lake, na faini ninayoona inafaa. Angalieni mahali walipoketi. Waliwafuata watu sokoni, siku na saa ambazo watu wapo.

Habari hizi kwa sehemu kubwa tunazipata katika kitabu kidogo juu ya katiba ya Athene, kilichoandikwa na Aristotle au na wanafunzi wake. Kilipotea kwa karne nyingi, hadi nakala yake ilipopatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Nakala hiyo imeandikwa nyuma ya karatasi za mafunjo ambazo upande wake wa kwanza ni hesabu za shamba, mapato na matumizi ya msimamizi mmoja wa huko Misri. Kama msimamizi yule angechoma karatasi zake za zamani, tusingejua nusu ya haya. Watunza hazina, tafadhali msichome vitabu vilivyojaa.

Je, nani alisamehewa hesabu? Hakuna. Mwaka 330 K.K. mwanasiasa Aeschines, akizungumza mahakamani, aliwakumbusha waamuzi sheria hiyo kipengele kwa kipengele. Makuhani, wanaume kwa wanawake, walitoa hesabu, mmoja mmoja na kwa familia zao za kikuhani, ingawa kazi yao ilikuwa kuomba kwa ajili ya mji na mapato yao yalikuwa yale mafungu ya sadaka tu. Mtu ambaye hakupokea wala kutumia hata oboli moja, naye alitakiwa kuandika kwamba hakupokea wala hakutumia kitu. Na kiongozi yeyote, mpaka hesabu yake ikubaliwe, hakuruhusiwa kusafiri nje ya nchi, wala kuandika wosia, wala kuiweka mali yake wakfu kwa miungu. Hilo la mwisho nimelitafakari sana. Mtu hakuweza kufunika upungufu wa hazina kwa kutoa sadaka nono hekaluni. Kwanza hesabu, ndipo madhabahu.

Wageni wetu, wahisani, sheria hiyo iliwagusa na ninyi. Matajiri wa Athene walipangiwa kugharimia mambo ya mji kwa fedha zao wenyewe. Mmoja alihudumia merikebu ya kivita kwa mwaka mzima, mwingine alilipia mafunzo ya kwaya kwa ajili ya sikukuu. Huduma hiyo iliitwa leitourgia, na ndiko lilikotoka neno letu liturujia, tunaloliimba kila Jumapili bila kujua kwamba lilianza na mtu anayelipia makasia. Aeschines anasema kwamba hata aliyegharimia merikebu, ambaye alitumia mali ya urithi wake, alitoa hesabu. Kutoa hakukumpa mtu kinga ya kuulizwa. Nami nasema kwa heshima kwamba mfadhili anayeahidi mbegu kwa masika na kuzileta masika yakiwa yamepita, naye anayo hesabu ya kutoa, na wanaongoja kuisikia ni wale waliokwisha kulima mashamba yao.

Hesabu za ujenzi waliziweka juu ya mawe. Hekalu lile maarufu, Parthenon, lilijengwa kuanzia mwaka 447 hadi 432 K.K., na kamati yake ya ujenzi ilibadilishwa kila mwaka. Hesabu za kila mwaka zilichongwa kwenye bamba moja kubwa la marumaru, na vipande vyake vipo mpaka leo. Utasoma humo salio lililopokelewa kutoka kwa kamati iliyopita, fedha kutoka kwa watunza hazina wa hekalu, fedha za kuuza dhahabu na pembe za ndovu zilizobaki, kisha malipo ya wachimba mawe, ya usafirishaji, ya wachongaji. Hekalu jingine la jirani, Erechtheion, lina hesabu zinazotaja mafundi kwa majina, mwananchi, mgeni na mtumwa, wakiandikiwa drakma moja kwa siku sawasawa, ingawa ya mtumwa bila shaka iliishia mikononi mwa bwana wake. Sio kila mtu aliweza kuzisoma herufi zile ndogo. Lakini jiwe lilisimama pale, na kila mwanakamati alijua linasimama.

Msidhani walikuwa malaika. Walikuwa na utaratibu wa kumwondoa mkubwa aliyezidi nguvu: wananchi waliandika jina juu ya kigae cha chungu, na kama vigae vilifika 6,000, aliyeandikwa zaidi alihama nchi miaka kumi. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kisimani vigae 190 hivi vyenye jina la Themistokles, yule aliyewashinda Waajemi baharini mwaka 480 K.K. Walipochunguza maandishi waligundua kwamba yametoka kwa mikono 14 tu. Kikundi kidogo kilikuwa kimeandaa kura za kuwagawia wengine. Mambo hayo hayakuanza kwetu.

Lakini dosari kubwa iko mahali pengine. Baada ya vita na Waajemi, mwaka 478 K.K., miji mingi ya visiwani na pwani iliungana chini ya Athene ili kujilinda. Wengine walitoa merikebu, na wengi walitoa fedha kila mwaka. Hazina ikawekwa katika kisiwa cha Delos. Mwaka 454 K.K. hazina hiyo ilihamishiwa Athene. Ujenzi wa mahekalu ulipoanza, wapinzani wa Perikles walilalamika kwamba fedha iliyochangwa kwa ajili ya vita inatumika kuupamba mji wao. Plutarch, aliyeandika karibu miaka mia tano baadaye, anatusimulia jibu la Perikles: maadamu Athene inawalinda, haidaiwi na miji ile hesabu ya fedha hizo.

Tulitafakari jibu hilo kwa pamoja. Ni mji ule ule unaomkagua kuhani, unaomkagua mtoaji, unaomkagua hata asiyepokea kitu. Marumaru inasimama mlimani ikionyesha gharama ya usafiri. Na bado waliochangia waliambiwa hawadaiwi hesabu, kwa sababu hawamo katika daftari la mitaa 139. Ukaguzi ulikuwa mzuri, lakini mlango wake ulifunguka upande mmoja.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 428 K.K. mji wa Mytilene, mmoja wa washirika hao, uliasi. Mwaka uliofuata uliposhindwa, mkutano wa Athene uliamua kwa hasira kwamba wanaume wote wauawe na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikaondoka na amri. Kesho yake watu waliamka na moyo mzito, wakakutana tena, na kwa tofauti ndogo ya mikono wakaigeuza hukumu. Merikebu ya pili ikaifukuza ya kwanza, wapiga makasia wakila huku wanavuta na kulala kwa zamu, ikafika wakati amri ya kwanza ikiwa karibu kutekelezwa. Mji ukapona, ingawa viongozi wa uasi, zaidi kidogo ya 1,000, waliuawa. Naupenda mkutano ulioweza kuamka asubuhi na kujigeuza. Lakini katika siku zote mbili hakuna mtu wa Mytilene aliyenyosha mkono.

Hata ndani ya Athene wengi hawakunyosha. Wanawake hawakuhesabiwa katika mkutano, wala wageni waliozaliwa pale pale, wala watumwa, wakiwamo wale waliochimba fedha katika migodi ya Laurion iliyoulisha mji. Kuhani mwanamke wa mungu mkuu wa mji aliweza kudaiwa hesabu, lakini hakuweza kuidai kwa wengine. Huo ni uonevu wa namna ya pekee, na akina mama wa kamati zetu, mnaoitwa kujieleza zilipo sufuria za jikoni lakini hamwitwi kikao cha manunuzi, mnaujua kuliko mimi.

Neno lao la mkutano lilikuwa ekklesia. Sisi neno letu kanisa limetufikia kwa njia ya Kiarabu, kwa hiyo halituonyeshi kitu, lakini ndilo neno ambalo Agano Jipya linatumia kwa kanisa. Katika Matendo sura ya 19, linatumika pia kwa lile kusanyiko la mji wa Efeso ambalo karani wa mji anajitahidi kulituliza. Waandishi wa Agano Jipya walilichukua neno hilo lenye historia yake, na milango ikafunguliwa kwa mtumwa, kwa mwanamke na kwa mgeni.

Mtazameni Paulo anapokusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, katika 2 Wakorintho 8 na 9. Changizo hilo analiita leitourgia, neno lile lile la merikebu na kwaya. Na hakulibeba peke yake. Anasafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na neno la Kigiriki alilotumia kwa kuchaguliwa huko asili yake ni kunyosha mkono, kama walivyofanya kule kilimani. Anaeleza sababu, kwamba mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama hiyo kubwa. Wenye kutoa ndio waliomteua wa kusindikiza fedha. Makedonia na Korintho walikuwa na jicho lao njiani mpaka Yerusalemu.

Sasa sisi. Ripoti zetu za robo mwaka zinaandikwa kwa Kiingereza. Zinatoka usharikani kwenda jimboni, jimboni kwenda dayosisini, na kutoka hapo zinakwenda ng'ambo. Ni kazi ya haki, na tutaendelea nayo. Waathene waliwasahau waliotoa fedha. Sisi hao tunawakumbuka sana. Tunaowasahau ni wengine. Mama aliyebeba mawe ya msingi wa zahanati, na vijana waliochimba mtaro wa bomba kilomita nzima, hesabu yao huisikia kwa salamu tu: mradi unaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Wakati huo huo, fungueni bajeti zenu mtazame ule mstari wa mchango wa jamii. Nguvu kazi yao imeandikwa pale kwa shilingi, imejumlishwa, na imehesabiwa kama fedha. Kwa karatasi yetu wenyewe, hao nao ni wafadhili.

Kwa idhini ya Baba Askofu, kuanzia robo mwaka hii kila mradi utatoa ukurasa mmoja wa hesabu kwa Kiswahili. Utasomwa wakati wa matangazo katika kila mtaa, si kanisa kuu la usharika peke yake, kisha ubandikwe mlangoni. Wajumbe wawili wasio wa kamati ya ujenzi, mmoja wao mwanamke, wataketi mahali pa wazi siku tatu, na siku moja kati ya hizo iwe siku ya gulio, wapokee maswali na kuyaandika. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Kila mjumbe ataweka sahihi kwa alichopokea na alichotumia, na ambaye hakupokea kitu ataandika kwamba hakupokea kitu.

Fomu ziko mezani kwa karani wa ofisi ya miradi, nakala tatu kwa kila mradi: moja ya kubandika, moja ya faili la usharika, moja ya kurudishwa ofisini pamoja na maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa. Ukurasa utakaorudi bila swali hata moja tutauliza ulibandikwa wapi. Sasa tuchukue maswali mpaka saa ya chai, tukianza na wale wa viti vya nyuma.